Mto wa Bega: Jinsi Kwaya Yetu Ilivyoamua

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Jubilei ya Fedha



Kamati ya jubilei ilipotugawia dakika hizi ilituomba tusirudie historia ya kwaya, kwa sababu imekwisha chapwa katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki. Ilitaka tueleze jambo moja ambalo kwaya iliamua mwaka huu, na namna ilivyoliamua. Tumechagua jambo linaloweza kuingia katika mkoba wa mtoto wa shule. Hata hivyo lilikaribia kuigawa kwaya, Migori huku na Homa Bay kule, miezi michache tu kabla ya siku ya leo. Nalo ni ule mto unaofungwa chini ya vayolini, kati ya ala na bega la mpigaji.

Kwa faida ya wazazi ambao huona vayolini kwa mbali tu wakati wa Misa, tueleze kwanza. Vayolini, ambayo ndugu zetu wa pwani huiita fidla, hukaa juu ya mtulinga, yaani ule mfupa ulio chini ya shingo. Taya huishikilia kwa juu kidogo, na mkono wa kushoto huishika shingo yake. Kazi ya mkono huo ni mbili: kubonyeza nyuzi, na kupanda na kushuka ili kutafuta sauti za juu na za chini. Kati ya ubao wa chini wa vayolini na bega la mtu hubaki nafasi. Kwa mwenye shingo fupi nafasi hiyo ni ndogo, na kwa mwenye shingo ndefu ni kubwa. Mto wa bega huijaza. Ule wa dukani si mto kama wa kitandani; ni kama daraja jembamba lenye sponji juu na miguu miwili ya mpira inayobana kingo za vayolini bila kugusa ubao wa chini. Miguu hiyo ina skrubu, na ukizizungusha mto hupanda au hushuka.

Kwa nini basi kuwe na ugomvi? Kwa sababu vayolini zilitujia kwa njia mbili. Kama mjuavyo, kwaya yetu ina matawi mawili. Tawi la Migori lilinunua vayolini mbili kwa harambee, na kijana aliyewafundisha wenzake huko alikuwa amejifunza kwa mwalimu asiyetaka kabisa kuona mto. Aliwaambia kwamba mto huizuia ala isitetemeke na humfanya mpigaji aikabe kwa shingo. Tawi la Homa Bay lilipewa vayolini mbili na mwanakwaya wetu wa zamani anayefanya kazi Nairobi, nazo zilikuja na mito yake ndani ya makasha. Huko vijana walifundishwa kwamba bila mto mkono wa kushoto unageuka kuwa mbeba mizigo, hauwezi tena kuwa mpiga noti. Kila tawi lilipofanya mazoezi kwake hapakuwa na shida. Shida ilianza tulipokutana Rongo, katikati ya safari ya kila upande, kwa mazoezi ya pamoja ya Misa ya jubilei.

Tulikuwa na wapigaji tisa na vayolini nne. Maana yake ni kwamba kila ala ilikuwa inapita mikononi mwa watu wawili au watatu. Huyu wa Migori akipokea vayolini kutoka kwa yule wa Homa Bay, kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa mto na kuuweka kwenye kiti. Yule akirudishiwa ala, alianza kuutafuta, kuufunga upya na kurekebisha skrubu, huku soprano na tena wakisubiri. Maneno yakaanza. Wengine wakasema wenzao wanapiga kama wazee wa zamani, na wengine wakajibu kwamba wenzao wameegemezwa kama mgonjwa. Mjumbe mmoja wa kamati alipendekeza kila tawi lipige nyimbo zake peke yake siku ya jubilei. Hapo ndipo viongozi tulipoona kwamba hatuzungumzii tena sponji. Kwaya iliyoimba pamoja miaka 25 ilikuwa inatafuta njia ya kukaa mabenchi mawili.

Sisi tulio walimu tunajua kwamba wanafunzi wawili wakibishana, kabla ya kumpa mmoja ushindi ni vizuri kufungua kitabu. Tukasoma kidogo, na tuliyoyapata yalitupunguzia ukali.

Tulikuta kwamba ubishi huu ni wa kale kuliko parokia yetu. Mwanzoni vayolini haikuwa hata na kile kibao cha kuwekea kidevu. Kibao hicho kilibuniwa na Mjerumani Louis Spohr karibu na mwaka 1820. Kabla yake wapigaji waliishikilia kwenye mtulinga au hata kifuani. Mwaka 1834 mwalimu Mfaransa Pierre Baillot alichapisha kitabu cha mafunzo ambamo aliruhusu kitambaa kinene au kimto kijaze nafasi ya bega, hasa kwa watoto na wanawake. Lakini Leopold Auer, mwalimu aliyewalea wapigaji mashuhuri wa Urusi, aliandika mwaka 1921 kupinga vimto hivyo. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Jascha Heifetz na Nathan Milstein, ambao walipiga bila mto na dunia nzima ikawasikiliza. Kisha katika miaka ya 1970 fundi Joseph Kun wa Ottawa, Kanada, akasambaza mto wenye miguu ya kurekebishwa, na leo wanafunzi wengi huanza nao. Itzhak Perlman hautumii. Anne-Sophie Mutter hautumii, na huvaa nguo inayoacha bega wazi ili ala ishikamane na ngozi. Hilary Hahn anautumia. Hakuna aliye tayari kusema kwamba mmoja kati ya hao watatu hajui kupiga.

Tena si kila mahali vayolini hukaa begani. Kusini mwa India wapigaji huketi sakafuni wakaelekeza kichwa cha ala kwenye kifundo cha mguu. Nchini Moroko wengi huisimamisha wima juu ya goti. Hapa kwetu Afrika Mashariki fidla imepigwa katika taarabu tangu zamani. Chama cha Ikhwan Safaa cha Zanzibar kilianzishwa mwaka 1905. Na kwa wanaodhani vayolini si ya Wakatoliki wa kawaida, tunawakumbusha vijana wa Ghetto Classics, walioanza kujifunza mwaka 2008 katika eneo la parokia ya Mtakatifu Yohane, Korogocho, Nairobi.

Lakini kitabu hakikutuamulia. Kilituonyesha tu kwamba hakuna amri. Ikabidi tujiangalie sisi wenyewe, na hapo tulisaidiwa na mzee wetu wa orutu.

Wengi wenu mnamfahamu. Amepiga orutu katika kwaya hii tangu siku zile ala zetu zilipokuwa ngoma, kayamba na ongeng'o peke yake. Orutu ina uzi mmoja na upinde, kwa hiyo ni ndugu wa vayolini, lakini haipandi begani. Kichwa chake cha mti kilichowambwa ngozi huegemezwa tumboni au kiunoni. Vidole huugusa uzi hewani bila kuubonyeza kwenye mti. Tulimwita Rongo tukitegemea achague upande. Akakataa. Alimwita kijana mmoja wa Migori, mrefu mwenye shingo ndefu, akamwambia, "Nyathina, weka hiyo chini. Simama kwanza bila kitu." Kijana akasimama. Mzee akatuonyesha mabega yake, yote mawili yako sawa. Kisha akamwambia aichukue vayolini na kupiga wimbo mzima. Kabla ya ubeti wa pili bega la kushoto lilikuwa limepanda karibu na sikio, na kichwa kimeinama upande kama mtu anayeshikilia simu kwa shingo. Mzee akauliza, "Nani amempandisha bega?" Hakuna aliyejibu.

Halafu akamwita msichana wetu wa kidato cha pili kutoka Homa Bay. Huyu habari yake ilikuwa imetuhuzunisha. Kwa muda alikuwa akilalamika shingo inauma na vidole vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi usiku. Mama yake, kwa haki kabisa, alikuwa amesema kwamba baada ya jubilei mtoto ataacha vayolini arudi kuimba alto. Wengi tulidhani ni uchovu wa masomo. Mzee alimfanyia vilevile: simama, chukua, piga. Bega lake halikupanda. Kidevu ndicho kilichopanda. Ana shingo fupi, na mto ulikuwa umefungwa kwa kipimo cha mtu mwingine mrefu kuliko yeye. Ala ilikuwa imesimama juu kama ukuta, naye ameinua uso ili aifikie, na kwa kuogopa isianguke anaibana kwa taya kwa nguvu zake zote.

Hapo pande zote mbili zilinyamaza. Kijana aliyefundishwa kupiga bila mto alikuwa anaumia kwa kuukosa. Msichana aliyefundishwa kupiga na mto alikuwa anaumia kwa sababu ya huohuo mto.

Tuliamua kujaribu kwa utaratibu, na wakati uliofaa ulikuwa Kwaresima. Kama Baba Paroko hutukumbusha kila mwaka, katika kipindi hicho ala husaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Laetare na siku za sherehe na sikukuu. Kwa hiyo vijana hawakuwa na vipande vya kupiga peke yao Jumapili, na walipata nafasi ya kubadili mazoea bila kuaibika mbele ya waamini.

Kila mpigaji alijaribu njia tatu, kila moja kwa wiki mbili: bila kitu, kwa kitambaa au sponji nyembamba, na kwa mto wa dukani uliopimwa kwa mwili wake. Sponji tulikata kutoka godoro kuukuu na kuifunga kwa mpira. Kila Jumamosi tuliuliza maswali manne yaleyale. Je, unaweza kugeuza kichwa kushoto na kulia ukiwa umeishika ala? Je, mkono wa kushoto unashuka kutoka sauti za juu bila vayolini kuyumba? Je, bega limebaki mahali pake mwisho wa wimbo? Na kesho yake asubuhi, kuna mahali panapouma?

Kuhusu sauti tulifanya jaribio moja. Waimbaji wa besi waligeukia ukuta, na mpigaji mmoja akapiga ubeti uleule mara mbili, mara moja na mto, mara moja bila. Wao wakaulizwa ni upi uliosikika vizuri zaidi. Hawakukubaliana. Wapigaji wenyewe ndio waliosema wanasikia tofauti, kwa sababu bila mto mtetemo huwafika kwenye mfupa. Hilo ni jambo la kweli kwa mpigaji, wala hatumdharau anayelipenda. Ila kwa aliye benchi la nyuma kanisani, tuliona haliwezi kuwa sababu ya kumwacha mtoto na maumivu.

Tuligundua pia jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: joho. Joho zetu za sherehe ni za satini, nazo huteleza. Kijana aliyepiga vizuri Jumamosi akiwa na fulana alikuwa anahangaika Jumapili, ala ikimteremka kifuani, naye anaibana kwa shingo. Na kwa wenzetu wa Homa Bay, joto la ziwa huleta jasho, na jasho juu ya satini ni kama sabuni. Kumbe sehemu ya ubishi wetu wote ilikuwa ya fundi cherehani! Akina mama wa kwaya wameshona kipande cha pamba kwenye bega la kushoto la joho za wapigaji. Mkitazama vizuri leo mtakiona.

Baada ya Pasaka tulikaa Rongo tukahesabu. Kati ya wapigaji tisa, wanne walichagua mto wa dukani, akiwemo yule kijana mrefu wa Migori. Wawili walichagua sponji nyembamba. Watatu walichagua kitambaa tu, na mmoja wao ni yule msichana wa kidato cha pili. Kwa kuwa sasa vayolini imelala chini kidogo kwenye mtulinga wake, uso wake unatazama mbele. Ganzi ilipungua wiki hadi wiki, na muuguzi wa zahanati aliyekuwa akimwangalia alimruhusu aendelee kwa vipindi vifupi. Mama yake amekubali apige leo. Kuhusu baada ya leo ataamua yeye na binti yake, nasi tutaheshimu watakaloamua.

Mambo tuliyopitisha, ambayo sasa yamo katika kitabu cha kumbukumbu za kwaya, ni haya:

1. Kwaya haitakuwa na sheria moja ya mto. Kila mpigaji atapimwa, na kitakachoandikwa ni jina lake na kipimo chake.

2. Anayeanza atajaribu njia zote tatu kabla ya kuamua. Mtoto anayekua atapimwa tena kila mwanzo wa muhula.

3. Mito ni mali ya kwaya kama vile vayolini. Kila mto utawekwa alama ya rangi kwa kila mtumiaji, ili kubadilishana ala kusichukue zaidi ya muda wa kuimba kiitikio.

4. Mpira wa miguu ya mto ukichakaa, mto usitumike mpaka ubadilishwe, kwa sababu chuma hukwaruza rangi ya ala.

5. Anayesikia maumivu au ganzi atasimamisha kupiga na kusema siku hiyohiyo. Hataambiwa avumilie, na hatapoteza nafasi yake katika kwaya.

Hili la tano ndilo lililojadiliwa kwa muda mrefu kuliko yote. Sisi tumelelewa katika kuvumilia. Waliotutangulia walitembea kwa miguu kwenda mazoezini na kurudi usiku, na tunawaheshimu kwa hilo. Baadhi yao walihofu kwamba tunawafundisha vijana ulegevu. Tuliwajibu kwa upole kwamba sadaka ya kutembea hukuacha na miguu yenye nguvu, ila maumivu ya mshipa wa shingo hayamjengi mtu, humwondoa. Na kila kijana anayeondoka kwa maumivu aliyoyanyamazia huondoka na sauti tuliyoitegemea kwa jubilei ijayo.

Tunajua kuna ndugu zetu wanaouliza kwa nini tuhangaike na ala ya mbali wakati tuna orutu, nyatiti, na kwa majirani zetu Wakuria na Abagusii, litungu na obokano. Swali hilo ni zuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulifungua mlango kwa ala za kila taifa zinazofaa ibada. Hatukununua vayolini ili kumfukuza mzee wa orutu. Leo baada ya Komunyo mtasikia orutu ikitangulia na vayolini nne zikiitikia. Na mkitaka kujua nani aliwafundisha vijana wetu kusimama kwa ajili ya vayolini, tumekwisha waambia: ni yeye.

Sasa tuna ombi. Mito miwili tuliyo nayo haiwatoshi wapigaji wanne. Bei ya mto mmoja Nairobi huzidi nauli ya basi kutoka Migori kwenda huko, lakini haifikii bei ya mbuzi. Tunaomba sehemu ya sadaka ya jubilei itununulie miwili zaidi, na mmoja mdogo kwa ajili ya vayolini ya robo tatu tunayotarajia kuwanunulia watoto wa darasa la Jumamosi. Anayeweza kutoa sponji nzuri au kitambaa cha pamba amwone mtunza ala baada ya Misa. Na wazazi wanaotaka watoto wao wajifunze, majina yataandikwa Rongo kuanzia Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Mtoto aje amevaa nguo isiyoteleza.

  Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji na wapiga ala, ambaye tutaadhimisha sikukuu yake tarehe 22 Novemba, atuombee.

Sasa tunawaomba wapigaji wachukue nafasi zao, kila mmoja na kipimo chake.

Tumsifu Yesu Kristo!